Namba Kwanza, Nyumba Baadaye

Ndugu msomaji, tuseme wewe na mwenzio mnaishi Tanga, mmeweka akiba kwa miaka mingi, na sasa mnanuia kununua nyumba Mombasa, waliko jamaa zenu. Aghalabu swali la kwanza huwa ni bei. Lakini swali lipasalo kutangulia ni hili: je, mnayo namba ya mlipakodi ya nchi ile?

Namba ya hapa nyumbani haitoshi. Nchini Kenya namba hiyo huitwa PIN, nayo hutolewa bila malipo na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA). Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 imeifanya kuwa sharti la kusajili hati ya ardhi na kulipia ushuru wa stempu. Ushuru huo, ambao ni juu ya mnunuzi, ni asilimia 4 ya thamani ya mali mjini na asilimia 2 mashambani. Pasipo PIN ushuru haulipiki; pasipo ushuru hati haisajiliwi; na pasipo kusajiliwa, wewe uliyetoa fedha utabaki na risiti mkononi, huku nyumba ikiwa bado ina jina la muuzaji.

Hapo ndipo dalali hujitokeza na kusema, "Nipe pasipoti tu, mengine niachie mimi." Jihadhari. Kumtumia wakili si kosa, lakini hakikisha kwamba anwani ya barua-pepe iliyoandikishwa ni yako mwenyewe. Cheti cha PIN na taarifa za kodi hupelekwa huko. Ikiwa anwani ni ya dalali, yeye ndiye atakayezisoma, nawe utapata habari deni likiwa limekwisha kukua.

Tena namba haifi baada ya ununuzi. Aliyesajiliwa kwa kodi ya mapato hutakiwa kupeleka taarifa yake kila mwaka, mwisho tarehe 30 Juni, hata kama hakupata kitu. Akichelewa, faini huanzia shilingi 2,000 za Kenya. Ukipangisha nyumba hali si mkazi wa Kenya, asilimia 30 ya pango hukatwa kodi. Ukiiuza, tangu mwaka 2023 kodi ni asilimia 15 ya faida.

Basi fuateni utaratibu: PIN kwanza, kisha upekuzi wa hati kwenye msajili wa ardhi, kisha mkataba, na fedha mwisho. Katika upekuzi tazameni pia muda uliosalia, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu mgeni kukodi ardhi tu, kwa miaka isiyozidi 99.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Iandikeni namba hiyo katika daftari la nyumbani, mume na mke wote waijue, ili mmoja akiondoka duniani, watoto wasianze kumtafuta dalali.