ETIKETI YA DISKI: ORDINATERE INAISOMA WAPI?



Mukifungua ordinatere munaona majina: MASOMO, POINTI, NYIMBO. Wengi wetu tunasema: kuna diski tatu. Hapana. Mara nyingi ni diski moja tu, imegawanywa vipande kama shamba la ndugu watatu. Kila kipande kinaitwa partisyo, na lile jina ndilo etiketi yake. Ni vizuri tujue jina hilo linatoka wapi, maana asiyejua anaweza kufuta pointi za shule nzima akidhani anafuta nyimbo.

Kwanza, jina linaandikwa ndani ya partisyo yenyewe, karibu na mwanzo wake. Katika Linux, partisyo ya namna ya ext4 iko na ukurasa wa habari zake unaoanza baada ya okteti 1024, na humo jina linapewa nafasi ya okteti 16. (Okteti moja inatosha herufi moja ya kawaida.) Flashi nyingi ni za namna ya FAT: zenyewe zinakubali herufi 11 tu. Ndiyo sababu jina refu linakataliwa.

Tena, diski zinazogawanywa kwa namna ya GPT ziko na jina lingine katika jedwali la mipaka, hata herufi 36. Basi partisyo moja inaweza kuwa na majina mawili! Ukiitengeneza upya, jina la ndani linapotea, lakini lile la jedwali linaweza kubaki.

Sasa, ni nani anayesoma? Mwanafunzi wa kawaida hana ruhusa ya kusoma diski moja kwa moja. Ruhusa ni ya msimamizi wa ordinatere. Kwa hiyo sisteme inafanya kama shule: diski ikiingia, mtumishi mmoja anayeitwa udev anaisoma na kuandika jina katika rejista. Amri lsblk -f kwa kawaida inauliza rejista hiyo, na kila mtu anaweza kuitumia. Amri blkid -p, ikitumiwa na msimamizi, inaacha rejista na kwenda kusoma diski yenyewe. Kama rejista imebaki nyuma, majibu mawili hayatapatana. Hapo tuamini diski, kama vile mwalimu anavyomwamini mtoto aliye mbele yake kuliko orodha ya mwaka jana.

Hatari kubwa ni hii: hakuna anayekataza partisyo mbili kuitwa jina moja. Mzee Isaka alisikia sauti ya Yakobo, lakini akagusa ngozi za mbuzi mikononi, akambariki mahali pa Esau. Alama ya nje ilimdanganya.

Basi, wandugu, kabla ya kufuta kitu cho chote tufanye mambo matatu. Moja, tutazame ukubwa wa partisyo, si jina tu. Mbili, tulinganishe UUID, ile namba ndefu ambayo kila partisyo inapewa siku ya kutengenezwa. Tatu, tufungue na kuona kilichomo.

Jina ni msaada, si ushuhuda. Haraka haraka haina baraka.