Si Kila Chuma Hustahimili Moto

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya uhunzi. Mhunzi hufua na kusubu. Ana fuawe, koleo na mivukuto. Na wazee wetu walitenga chuma na pua. La kusikitisha ni kwamba katika mazungumzo yetu ya leo tofauti hizo zimemezwa na neno moja tu: chuma.

Ndugu msomaji, hili si suala la lugha peke yake. Awendo katika Migori na Ndhiwa katika Homa Bay kumejengwa viwanda vya sukari, ambako makapi ya miwa huchomwa ili kupata mvuke. Huko Nyatike wachimbaji huyeyusha dhahabu, ambayo haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1064 za Selsiasi. Katika joto kama hilo chuma cha kawaida hushika magamba, magamba hubanduka, na moto ukaendelea kula kilichosalia. Anayetia kipande katika tanuri kwa kuwa tu ni chuma hupoteza fedha, na pengine huhatarisha uhai wa mwenzake.

Dawa imejulikana kwa zaidi ya karne moja. Mnamo 1906 Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya aloi ya nikeli na kromi. Kromi hutandaza juu ya metali utando mwembamba ulioshikamana nayo. Nikeli huisaidia isilegee upesi wala kupasuka inapopashwa moto na kupoa mara kwa mara. Waya unaoiva mwekundu katika jiko la umeme aghalabu ni wa aloi hiyo.

Hata hivyo, nikeli nayo ina adui: salfa. Mawe ya Macalder, mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966, yana salfa nyingi. Tanuri ya kuchomea mawe ya namna hiyo, ikiundwa kwa aloi yenye nikeli nyingi, yaweza kuliwa upesi. Kumbe kutoshika kutu si kustahimili moto, na kustahimili moto si kustahimili kila moshi.

Istilahi zina pa kuanzia: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Iliyobaki ni kazi ya vyuo vya ufundi vya Migori na Homa Bay kuzifundisha, na ya wauza vyuma kumwambia mnunuzi kiasi cha nikeli na kromi kilichomo. Fundi asiyelijua jina la metali ataulizia nini dukani?