Kulea Makinda ya Kasuku

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha kuwaona kasuku wadogo wa kijani, wenye shingo ya rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe machoni, wakishuka kwa makelele katika mashamba ya mtama. Kwao ni hapa kwetu, Shinyanga na nchi nyingine za kusini ya Ziwa Viktoria. Wataalamu waliwaandika mwaka 1887, wakawapa jina la Mjerumani Fischer. Leo hufugwa vizimbani dunia nzima, na wenzangu wawili watokao Geita wameniuliza kama kinda aliyetolewa mtini aweza kulelewa kwa mkono. Basi nitaeleza kazi yenyewe.

Jike hutaga mayai manne au matano hivi tunduni, akayaatamia yapata siku 23. Kuku ni siku 21. Ukitumia sanduku la kutotolesha, joto liwe nyuzi 37 na nusu, mayai yageuzwe mara kadhaa kila siku, na bakuli la maji liwemo, kwa kuwa hewa yetu ya kiangazi ni kavu na utando wa yai ukikauka mtoto hunaswa ndani. Siku tatu za mwisho usigeuze.

Mpaka hapo kasuku na kuku karibu ni sawa. Lakini kifaranga wa kuku hukauka, akasimama, akadonoa. Kinda wa kasuku hutoka kipofu, hawezi kujipasha joto wala kujilisha. Mamaye humtapikia chakula kilicholainika katika gole. Atakayeshika mahali pa mama huyo hana budi kumlisha uji laini kila baada ya saa mbili hivi, na usiku pia siku za kwanza. Uji uwe na joto la nyuzi 39 au 40. Ukizidi huunguza gole. Ukipoa hukaa humo ukachacha. Tone likiingia njia ya pumzi, kinda hufa mkononi mwako. Tena uji wa mtama mtupu, ambao ndio wavulana huwapa, hauna chokaa ya kutosha, na mifupa hupinda. Kazi hii ni ya majuma sita au zaidi.

Tena iko sheria. Miaka ya 1980 ndege hawa walinaswa kwa maelfu wakauzwa ng'ambo, hata wakapungua. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kupeleka nje wanyama hai wa porini, na kuwakamata bila kibali ni kosa.

Kwa hiyo niliwajibu wenzangu waanze na mayai kumi ya kuku na taa ya chemli. Kasuku tutawatazama mtini, jike akiingia tunduni na vijiti mdomoni.