Ramani ya Dampu Huchorwa Siku ya Amani

Benki, kampuni za bima na mashirika mengi ya ndege duniani bado huendesha hesabu zao nzito kwenye kompyuta kuu za IBM, ukoo wa mashine ulioanza na System/360 mwaka 1964. Mashine hizo ni imara mno, lakini programu zinazoziendesha huandikwa na watu, kwa hiyo ipo siku huanguka. Tuuchukue mfumo wa z/VM, mrithi wa VM/370 iliyotangazwa mwaka 1972. Kiini chake huitwa CP, na kazi yake ni kuigawa mashine moja halisi iwe mashine nyingi za kidhahania. CP ikianguka, mashine zote zilizo juu yake huanguka nayo. Kabla ya kuwaka upya, mfumo huandika kwenye diski yale yaliyokuwa ndani ya kumbukumbu wakati wa ajali. Nakala hiyo ndiyo mafundi huiita dampu.

Dampu husema yote, tena kwa lugha ya mashine tupu. Ndani yake mna tarakimu za mfumo wa kumi na sita, 0 hadi 9 na A hadi F, ukurasa baada ya ukurasa. Kuna yaliyomo katika rejista 16 za jumla. Kuna neno la hali ya programu, ambalo hutaja anwani ya agizo lililokuwa linafuata kutekelezwa. Kuna pia msimbo wa anguko: PRG004, kwa mfano, maana yake ni kwamba CP ilijaribu kugusa eneo la kumbukumbu lililolindwa. Kwa hiyo fundi anajua kosa ni la aina gani, na anajua lilitokea kwenye anwani gani. Asichokijua ni anwani hiyo ni ya nani. Ni sawa na kupewa namba ya kiwanja bila ramani ya mipango miji.

Jibu limo katika ramani ya upakiaji. CP imejengwa kwa mamia ya moduli, na nyingi majina yake huanza na herufi HCP. Siku kiini kinapojengwa, programu ya kupakia huzipanga moduli hizo moja baada ya nyingine, na huacha orodha inayoonyesha kila moduli imewekwa wapi na milango yake ya kuingilia iko kwenye anwani zipi. Orodha hiyo ni maandishi marefu, yenye vichwa vya kurasa na maelezo mengi ambayo mchunguzi wa dampu hayahitaji.

Hapo ndipo amri ya MAP inapofanya kazi yake. Ni amri ya zana za kutazamia dampu kwenye z/VM. Huisoma orodha ndefu ya upakiaji, hubakiza majina na anwani, kisha huandika faili fupi ambalo zana zenyewe zinaweza kulipekua. Amri nyingine, ADDMAP, huliambatanisha faili hilo na dampu. Baada ya hapo mchunguzi akitaja anwani, zana humjibu kwa jina la moduli na umbali kutoka mwanzo wake.

Tuone hesabu yenyewe, kwa namba za mfano tu. Dampu inasema agizo lilikuwa kwenye 1A4E6C. Ramani inasema moduli fulani inaanzia 1A4C00, na inayofuata iko mbele zaidi ya anwani yetu. Toa moja kwa nyingine upate 26C, yaani baiti 620 ndani ya moduli hiyo. Fundi hufungua orodha ya msimbo wa moduli, huteremka hadi 26C, na mbele yake pana mstari ulioandikwa na binadamu, pengine na maelezo pembeni. Lakini asisimame hapo. Katika makosa ya aina hii, anwani iliyohifadhiwa kwa kawaida huwa imekwisha kulipita agizo lenye kosa. Maagizo ya mashine hizi yana urefu wa baiti 2, 4 au 6, na mfumo huandika pia urefu wa agizo la mwisho, kwa hiyo inabidi arudi nyuma kwa kiasi hicho. Baadaye hufanya hesabu hiyohiyo kwa anwani anazozikuta ndani ya rejista, ili ajue nani alimwita nani kabla ya ajali. Kwa ramani, kazi hiyo huenda haraka. Bila ramani, mtu hupekua baiti usiku kucha akitafuta majina.

Upande wa z/OS, mfumo mwingine wa kompyuta hizo, kazi ya namna hii hufanywa na programu ya AMBLIST. Tofauti kubwa ni kwamba programu za watumiaji huko hupakiwa popote penye nafasi, kwa hiyo ramani hutoa umbali tu, na anwani ya mwanzo lazima itafutwe ndani ya dampu yenyewe.

Jambo ninalotaka lishikwe kuliko yote ni hili: ramani ni ya ujenzi mmoja tu. Mtu akiweka kiraka katika moduli moja, ikarefuka kwa baiti chache, zinazofuata zinaweza kusogea zote. Ukitumia ramani ya mwezi uliopita kwa dampu ya leo, huenda zana zisilalamike. Zitakupa jina la moduli na umbali, vyote vikionekana safi, na vyote vikiwa uongo. Kwa maoni yangu hiyo ni hatari kuliko kukosa ramani kabisa, kwa sababu asiye na ramani anajua kwamba hajui, ilhali mwenye ramani mbovu atamtuhumu mwandishi wa moduli isiyo na hatia na kuacha kosa halisi lisubiri siku nyingine.

Ipo njia rahisi ya kujihakikishia. Waandishi wa moduli za mfumo kwa kawaida huweka jina la moduli mwanzoni mwake. Kwa msimbo wa herufi wa EBCDIC unaotumiwa na mashine hizi, HCP huonekana kama C8C3D7. Chagua moduli tatu au nne katika ramani, moja ya mwanzo, moja ya kati na moja ya mwisho, kisha nenda kwenye anwani zake ndani ya dampu. Ukiyakuta majina mahali pake, endelea. Usipoyakuta, weka ramani hiyo kando.

Kwa hiyo, ndugu msimamizi wa mfumo, usingoje mfumo uanguke ndipo uanze kutafuta ramani. Kila unapojenga kiini kipya, hata kwa kiraka kidogo, hifadhi orodha yake ya upakiaji, endesha MAP, liite faili kwa tarehe ya ujenzi, na uweke nakala nyingine nje ya mashine hiyo. Ramani za zamani usizifute maadamu viini vyake bado vinaweza kuwashwa.