Nafasi Tupu ya Jina

Ofisi inapopokea kompyuta mpya mia kwa siku moja, kazi imchoshayo fundi si kuzitoa makashani wala kuzitia programu, kwani programu hunakiliwa kutoka kompyuta moja ya asili, zikafanana zote kama shilingi zilizotoka katika kalibu moja. Bali ni kuijulisha kila kompyuta mlango wa kubisha, ili barua za mwenyewe, na za mwenyewe tu, zimfikie. Hapo nakala hukoma kufaa, maana njia ni moja kwa watu wote mia, lakini jina na neno la siri ni la kila mtu peke yake.

Barua pepe ina matarishi wawili. Wa kwanza hupeleka, naye hufuata itifaki ya SMTP aliyoiandika Jonathan Postel mwezi wa Agosti 1982, zama ambazo mtandao ulikuwa wa wataalamu wachache, wala hapakuwa na aliyeulizwa neno la siri kabla ya kupeleka waraka. Wa pili huleta, kwa itifaki ya IMAP, aliyoibuni Mark Crispin huko Stanford mwaka 1986. Kila mmoja ana mlango wake wenye nambari: 465 au 587 kwa kupeleka, 993 kwa kusoma. Mfanyakazi mgeni akilazimishwa kuyaandika hayo kwa mkono hukosea, na kosa liudhilo kuliko yote ni la jina la kuingilia, kwa kuwa seva moja hutaka anwani kamili, na nyingine hutaka sehemu iliyotangulia alama ya @ peke yake. Basi maskini hukataliwa, akadhani amesahau neno la siri, akalibadilisha bure.

Dawa yake nimeistaajabia kwa wepesi wake. Programu ya Thunderbird, ikishapewa anwani, hutafuta faili ndogo, ama ndani ya kompyuta yenyewe ama katika seva ya ofisi, iliyotaja seva na milango yake. Na pahali pa jina pamewekwa alama tu, %EMAILADDRESS% au %EMAILLOCALPART%, ambayo hujazwa kwa anwani ya yule aliyeketi mbele ya kioo siku ile. Faili moja huitosheleza ofisi nzima, wala ndani yake hamna siri ya mtu awaye yote.

Lakini ole wa programu ibahatishayo njia! Katika utaratibu wa Microsoft uitwao Autodiscover, baadhi ya programu, zilipokosa maelezo katika kikoa cha ofisi, ziliendelea kubisha hata kwa mtu baki, zikamkabidhi jina na neno la siri pasipo kumtambua. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya Guardicore walinunua vikoa kadhaa vya kubishiwa hivyo kwa kubahatisha, wakangoja. Na katika miezi michache zikawafikia siri 96,671 za watu mbalimbali.

Ndiyo sababu naiona heri kubwa katika uamuzi wa Microsoft wa kuanza, tarehe 1 Oktoba 2022, kuifunga njia ya kale ya kuingilia, ambayo kwayo programu yenyewe ilikabidhi jina na neno la siri, katika huduma yake ya barua ya Exchange Online. Kwa njia mpya programu hailishiki neno la siri kabisa: humpeleka mtu kwenye ukurasa wa kuingilia, naye akishajitambulisha hapo, programu hupewa hati ya ruhusa yenye muda wake. Fundi huweza sasa kuiacha kompyuta mezani Ijumaa jioni, njia zote zimo, jina halimo. Na Jumatatu asubuhi karani huketi, akaandika anwani yake, akajitambulisha, barua zikaanza kuingia.