"Babu alikufa ku vita ya Badachi": namna ya kumtafuta askari aliyebaki bila kaburi

Katika familia nyingi za hapa kwetu, toka Ankoro mpaka Kalemie, utasikia mzee akisema: "Babu yetu alikufa ku vita ya Badachi." Ukimuuliza alikufia wapi, mwaka gani, nani alimzika, habari inaishia hapo. Kaburi hakuna, picha hakuna, karatasi hakuna. Limebaki jina moja tu, na hata hilo pengine silo lililoandikwa jeshini.

Je, mtu kama huyo anaweza kutafutwa leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye? Anaweza, kwa sehemu. Lakini kwanza tuelewe alipoteaje.

Vita ilipita mlangoni kwetu

Agosti 22, 1914, meli ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, ilishambulia upande wetu wa ziwa, karibu na mahali Lukuga inapotoka ziwani, pale ilipo Kalemie ya leo. Hapo vita ya Wazungu ikawa vita yetu pia.

Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Zilitoka Afrika ya Kusini kwa treni, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba, kisha zikateremka Lualaba toka Bukama mpaka Kabalo. Maana yake zilipita mbele ya Ankoro, pale Luvua inapoingia Lualaba. Toka Kabalo zikapanda treni mpaka ziwani. Wazungu wa safari ile wameandikiwa vitabu. Watu weusi waliofyeka njia na kuvuta kamba, majina yao hatuyaoni humo.

Askari wa Force Publique, wale tunaowaita basoda, walipigana Abercorn mwaka 1914 (leo ni Mbala, Zambia) na Saisi mwaka 1915. Julai 1916 waliingia Kigoma, na Septemba 19 wakaingia Tabora. Oktoba 1917 wakafika Mahenge, mbali kabisa kusini ya Tanzania ya leo. Mkubwa wao, Jenerali Charles Tombeur, alipewa ubaroni, na neno Tabora likaongezwa kwenye jina lake. Soda aliyeifikia Tabora kwa miguu yake hakuongezewa kitu.

Kwa nini jina lake halionekani

Sababu ya kwanza ni namna alivyoingia jeshini. Mara nyingi serikali ilidai vijana kwa chifu, na chifu ndiye aliyechagua. Kijana alikwenda kwa miaka 7. Kule alipewa namba, matrikili, na toka siku ile namba ndiyo ilikuwa mtu.

Sababu ya pili ni jina lenyewe. Mzungu aliandikwa jina la ubatizo na la ukoo. Soda aliandikwa jina moja tu, kama karani alivyolisikia. Sasa kwa Waluba kila mapacha ni Kyungu na Kabange. Utakuta akina Kabange wangapi?

Sababu ya tatu: baada ya uasi wa Luluabourg mwaka 1895, serikali iliogopa kuweka watu wa kabila moja pamoja. Kijana wa Ankoro aliwekwa na watu wa Uele na wa Equateur. Alipokufa, rafiki aliyemfunika udongo pengine hakujua kijiji chake kiko upande gani.

Na tuseme ukweli: wengi tunaowaita askari walikuwa wapagazi. Wabelgiji walitumia wapagazi kama 260,000 katika vita ile. Wengi waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, njaa na baridi ya milimani. Kwa hiyo ukikosa jina lake kati ya askari, usiseme wazee walidanganya.

Mmoja aliyepatikana

Albert Kudjabo alizaliwa Kilo, katika Ituri ya leo. Vita ilimkuta Ubelgiji. Mwaka 1914 alijiandikisha kupigana kule, Wadachi wakamkamata, akakaa mfungwa miaka mingi. Mwaka 1917 wataalamu wa lugha walirekodi sauti yake, na sauti ile ingali ipo. Alikufa Ubelgiji mwaka 1934. Mwanahistoria Griet Brosens ameandika kitabu juu yake na wenzake, Wakongomani 32 waliotumikia jeshi la Ubelgiji huko Ulaya.

Kwa nini hao 32 wamepatikana, na maelfu ya kwetu hapana? Si kwa sababu walikuwa mashujaa kuliko wengine. Walikuwa Ulaya, ndani ya jeshi la Ubelgiji, na kule kila askari alikuwa na faili yake.

Waingereza nao wana deni kama hilo. Mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa.

Uanzie wapi?

Anza na jina la mahali. Wazee wanachanganya vita, lakini mahali hapadanganyi. Wakitaja Abercorn, ni 1914. Tabora ni 1916, Mahenge ni 1917. Wakisema Abisinia au Saio, hiyo ni vita nyingine, ni 1941, na huyo alipigana na Waitaliani.

Andika majina yake yote: la kuzaliwa, la ubatizo, na lile la kambini. Andika kijiji, na hasa chifu wa wakati ule, maana kwa chifu ndipo alipochukuliwa. Uliza pia juu ya mke wake. Wake wengi walifuata waume zao jeshini, na watoto wengine walizaliwa njiani. Mara nyingine habari iko kwa ukoo wa bibi, si wa babu.

Tafuta medali, kijitabu cha jeshi, karatasi yoyote yenye namba. Ipige picha kwa simu, mbele na nyuma, umtumie ndugu wa mbali, ili nyumba ikiungua habari isiungue nayo. Ukiwa na namba, unaweza kuandikia hifadhi ya nyaraka za koloni kule Bruxelles. Bila namba, chifu na kijiji ndiyo njia iliyobaki. Hizo habari ziko kwenye vichwa vya wazee wetu, na Bruxelles hawatazipata wasipopewa na sisi.

Tusirudie kosa

Ankoro inajua vita ya karibu pia. Novemba 2002 askari wa serikali na Mai-Mai walipigana humu. Raia wengi waliuawa, nyumba nyingi zikateketea. Watoto walioachwa na vita ile leo ni watu wazima, na wao wana watoto wanaouliza.

Hao hawahitaji hifadhi ya Bruxelles. Wajane wapo, wenzao waliopigana nao wapo, mashimo walimozikwa yanajulikana. Leo jioni chukua daftari, kaa na mzee wako, mwulize: alikuwa nani, mtoto wa nani, alianguka wapi?