Jasho la Chuma: Kutu na Vyuma vya Kale katika Delta ya Rufiji

Msumari ung'olewao kwenye ubao wa mashua kuukuu huwa umeshapoteza sura ya msumari. Kichwa kimevimba kama uyoga, shingo imekonda kama njiti ya kiberiti, na mbao iliyouzunguka imekuwa nyeusi, unaichangua kwa kucha. Mafundi wa mashua wa Nyamisati, Salale na vijiji vingine vya delta, wilayani Kibiti, wanaijua hali hiyo vizuri. Huku mto unapokutana na bahari, chuma hakina siku ya kupumzika.

Kutu inahitaji vitu viwili tu: maji na hewa. Chumvi yenyewe si kutu, lakini huiharakisha, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na kutu kimsingi ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma. Tena kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu nati iliyokaa miaka kadhaa hugoma kufunguka: kutu imejijaza kwenye nyuzi zake ikazikaba.

Delta ya Rufiji ina kisa cha kutu kisicho na mfano katika pwani yetu. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha kwenye vijito vya mikoko. Ilisakwa na kuzingirwa kwa miezi mingi. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na Severn na Mersey, meli mbili za mizinga zilizoweza kuelea kwenye maji haba, mabaharia wake waliizamisha wenyewe.

Mizinga yake yote kumi iliopolewa mapema, ikapelekwa Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu na kupigana vita vya nchi kavu. Bodi la meli likabaki topeni. Miaka ya 1920 wazamiaji walianza kuchuma shaba na madini mengine yenye bei. Chuma kilichobaki kiliendelea kulika, maji yakijaa na kupwa juu yake, hadi katikati ya miaka ya 1960 mabaki yalipodidimia kabisa. Lakini mzinga mmoja wa meli hiyohiyo upo hadi leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Chuma cha meli moja, na hatima mbili: kilichotolewa majini upesi kikatunzwa kipo, kilichoachwa kimeliwa.

Kisa cha pili kinatoka Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliamua kuizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika. Mafundi walioachiwa kazi hiyo walizipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na tarehe 16 Mei 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ni kweli maji ya ziwa lile ni matamu, na hilo lilisaidia sana. Hata hivyo, grisi ile inastahili heshima yake.

Sasa tuseme mtu wa Kibiti amepata bawaba, pingu za nanga au komeo la kale kwenye chuma chakavu. Wengi hukimbilia grenda na brashi ya waya. Kifaa kinang'aa asubuhi, na wiki haijaisha vitone vya maji ya manjano vimeanza kuchuruzika juu yake kana kwamba chuma kinatoka jasho. Ile ni chumvi iliyojificha ndani ya vitundu vya chuma, inanyonya unyevu wa hewa na kuanza kula upya. Grenda haiifikii. Zaidi ya hapo, inafuta chapa na maandishi, ambayo pengine ndiyo thamani yote ya kifaa.

Kwa hiyo kazi ianze na maji matamu. Visima vingi vya pwani vina chumvi, basi maji ya mvua ndiyo bora. Kifaa kilowekwe, maji yabadilishwe kila siku chache, kwa wiki kadhaa ikiwa chuma ni kinene. Nchini Marekani nyambizi Hunley, iliyoibuliwa baharini mwaka 2000, imelowekwa miaka mingi kwenye dawa ya kutoa chumvi hiyohiyo.

Kutu yenyewe huondoka kwa magadi, yale yale ya kuivishia maharage. Yayeyushwe kwenye ndoo ya plastiki. Kipande cha chuma kisicho na kazi kifungwe waya wa chanya wa chaja ya betri, kifaa kifungwe waya wa hasi, na viwili hivyo visigusane. Povu litapanda na kutu italegea bila kuula uzima wa chuma. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto, kwa sababu povu lile ni gesi inayowaka. Chumvi ya mezani isitumike badala ya magadi, maana hutoa gesi ya sumu, wala chuma kisichoshika kutu kisiwekwe upande wa chanya.

Ndimu na ukwaju hufanya kazi pia kwa vitu vidogo, ila vikisahauliwa humo usiku kucha asidi huhamia kwenye chuma kizima.

Mikoko nayo ina lake. Magome ya mkoko na mkandaa yana tanini nyingi, na tanini ikikutana na kutu huigeuza kuwa ganda jeusi linaloshika. Watafiti wa Malaysia wameichunguza tanini ya mikoko kwa kazi hiyohiyo. Weusi ule ulioonekana kwenye ubao wa mashua unatoka katika ukoo huohuo. Magome yachukuliwe kwenye miti iliyokatwa kwa kibali, kwani msitu huu unashikilia ufuo mzima.

Kifaa kikishatoka kwenye ndoo kisuuzwe, kikaushwe juani saa hiyohiyo, kisha kipakwe grisi au rangi kabla ya umande wa jioni. Na kitu chenye umbo la risasi kubwa au kombora kikiokotwa topeni kwenye vijito vile, kisiguswe wala kusuguliwa, kiripotiwe polisi.